Karatasi Niliyoondoka Nayo Baraka

Siku hiyo naikumbuka kuliko siku niliyopewa diploma yangu, mwanangu. Nilikuwa mwaka wa pili wa fakilte ya sheria, chuo kikuu kule Bukavu, nimerudi nyumbani, mji wa Baraka, kwa likizo. Baba yangu alikuwa na mitumbwi ya kupeleka watu Kazimia kwa njia ya ziwa, na katika ukoo wetu hakuna msichana aliyewahi kusoma mbali hivyo. Basi mtaa mzima ukaanza kuniita avoka, yaani wakili. Avoka wa mwaka wa pili! Nami, badala ya kukataa, nikaitika.

Ndipo akaja Mama Consolata, mjane, mkimbizi kutoka Burundi, aliyelima mihogo nje kidogo ya mji. Mwenye shamba alikuwa amempa mama alilime hadi mwisho wa maisha ya mama, mbele ya mashahidi. Mzee yule alipofariki, mpwa wake akamshitaki mama, na tribinali, yaani mahakama, ikampa mpwa haki. Mama Consolata alinishikisha ile karatasi ya hukumu kwa mikono miwili.

“Mi sikusoma, mwanangu. Nifanye nini?”

Sikujua. Hiyo ndiyo kweli. Masomo ya rufaa tulikuwa bado kuyafikia. Lakini mama yangu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama kwa fahari, na ulimi hauna mfupa.

“Usiogope, mama,” nikasema. “Rufaa haiko na haraka. Niachie karatasi, nitaitengeneza na baprofesa, nitarudi nayo likizo ingine.”

Akanibariki. Nikapanda gari la Uvira na karatasi yake ndani ya sanduku langu.

Masomo yalikuwa ndiyo yameanza tena. Mwalimu alisimama mbele yetu akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba aliyeshindwa ana siku thelathini za kukata rufaa, zikipita, basi. Wenzangu wakaandika. Mimi nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Zilikuwa zimebaki nne.

Wakati ule hatukutembea na simu mifukoni, mwanangu. Wanasema haraka haraka haina baraka. Mimi asubuhi iliyofuata niliikimbilia Baraka yenyewe kwa haraka, na methali nikaiacha Bukavu. Nilikaa juu ya magunia, mvua ikatunyeshea, lori likakwama siku nzima kwenye tope karibu na Mboko. Nikashuka nikasukuma pamoja na wanaume. Njia nzima nilitafuta maneno ya kumwambia mjane kwamba nimempotezea shamba.

Nikakuta nyumba yake imefungwa. Jirani akasema, “Ameenda ku tribinali tangu asubuhi.” Nilidhani ameitwa kuambiwa ahame.

Nilimkuta ofisini kwa Mzee Asukulu, karani wa tribinali, Mubembe, mtu wa kabila la wenyeji, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama Consolata alikuwa anajifuta wino kwenye kidole gumba. Kumbe yule mpwa alijisifu kisimani kwamba siku za mama za kukata rufaa zinakwisha, naye mama akaja kuuliza. Mzee alichukua nakala ya hukumu kabatini mwake, akamwandikia rufaa. Imeshaandikwa! Ilikuwa imebaki siku moja.

Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa furaha na aibu. Mzee, aliyekwisha kuambiwa yote na mama, akaanza kunigombeza.

“Mzee, usimugombeze,” Mama Consolata akasema. “Amekuja mbio. Angalia viatu yake.”

“Simugombeze sababu hakujua,” Mzee akajibu. “Hata mi, iko mambo mingi sijue. Namugombeza sababu alijua ya kuwa hajue, na akanyamaza.” Kisha akanigeukia. “Likizo ingine, kuja hapa. Utafungua madosye ya kesi na mi.”

Nilikwenda, likizo ile na zote zilizofuata. Nilijifunza kusoma mwandiko mbaya, kupokea watu waliotembea kutoka Kilembwe, na kumwambia mtu “kesi hiyo siijui, ngoja niulize” bila uso kuniwaka. Rufaa ya Mama Consolata ilisikilizwa mwaka uliofuata, mashahidi wakasema waliyoyaona, akabaki shambani mwake. Siku nilipopata habari, nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu lile lori.

Tulipomaliza masomo, wenzangu walilia kwamba sheria haina kazi kwa mtu asiye na ndugu Kinshasa. Mimi nilirudi Baraka, nikaweka meza na viti viwili. Wateja wa kwanza walikuwa watu wa kanisa la Mama Consolata, aliwaambia, “Muende kwa yule mama. Kama hajue, atawaambia hajue.” Tangu hapo sijakosa kazi.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayebeba vitabu vya sheria leo. Usiogope maneno ya wanaosema njia imefungwa. Panapo watu pana mashamba, ndoa na mirathi, na panapo hayo watakutafuta. Ila jina la avoka usilivae kabla halijakutosha. Karatasi ya mtu ni maisha yake; ukiipokea, jua siku zake. Na kuuliza si ujinga: muulize karani, muulize mwalimu, muulize hata yule aliyekuja kukuuliza.

Mungu akupe ulimi mkweli na masikio marefu. Akufikishe siku ya diploma ukiwa mzima, na mnyonge akitoka mlangoni pako atoke amenyooka mgongo. Amina.