Mnara wa Upande wa Pili

Baba yangu, Phanuel, alichora picha moja tu iliyompa jina Mumias nzima, na picha hiyo nusura itubomolee kibanda.

Aliichora mwaka 1960, akiwa kijana wa kazi kwenye mtambo wa uchapaji wa misheni: kanisa letu la mawe, mnara wake wa kengele, na barabara ya maduka. Alikwaruza mistari kwenye bamba la shaba lililopakwa nta, akalitia kwenye asidi, akapaka wino, akakandamiza karatasi. Mwaka uliofuata radi iliuangusha mnara. Mawe yakaenda kujenga zahanati. Miaka baadaye, mtambo ulipofungwa, picha ikatundikwa kanisani. Kila mgeni alipoisifu, Baba alikohoa kidogo na kusimama wima. Tulimcheka sana.

Basi mwaka 1996 kanisa likaamua kuujenga mnara upya. Baba alikuwa Lumakanda kwenye mahindi. Aliporudi Jumamosi alikuta vigingi vya fundi vimepita katikati ya kibanda cha ushonaji cha Mama, kulia kwa mlango wa kanisa. Mama Maximilla alikuwa amekumbatia cherehani yake.

"Nani amesema hapa?" Baba aliuliza.

"Si ni picha yako, mzee," fundi akajibu. "Jumatatu tunabomoa."

Mzee Andati, mpiga kengele wa zamani, alikuwa ameapa kwamba mnara ulikuwa kushoto. Kamati ya ujenzi ikamwambia uzee umemchanganya. Picha ingekoseaje, na hata majina ya maduka yanasomeka?

Baba aliketi vumbini kama gunia. Nilidhani moyo umemsimama. Kisha akaomba picha iletwe, akachukua kioo cha wateja wa Mama, akaielekeza humo. Majina yakageuka kinyume. Mnara ukahamia kushoto.

"Hilo ndilo kanisa letu!" Andati alipiga kelele, akalia.

Kumbe chochote unachochora kwenye bamba hutoka kimegeuka kwenye karatasi. Baba alikumbuka kugeuza herufi, akasahau kuligeuza kanisa.

"Nimewadanganyanga miaka yote hii," alisema, "na sikujua."

Sikuwahi kumsikia akikiri kosa, hata la chumvi.

Vigingi viling'olewa siku hiyohiyo. Baba hakutaka kuiona picha ile tena, lakini Mama aliitundika kibandani, mkabala na kioo.