Heshima Iliyomwagwa Kijitoni

Inatangazwa kwa umma, kwa unyenyekevu wote na vipaza sauti viwili, kwamba serikali imeamua kumtukuza binti wa taifa, bingwa wa vinasaba vya samaki wa maji baridi.

Bingwa mwenyewe hakuulizwa. Watu humwita Mama Mapezi, maana kazi yake, tangu akiwa msichana mwembamba wa chuo hadi leo magoti yanapomlalamikia, ni hiyo: anaingia kijitoni, ananasa samaki, anakata ncha ya pezi ndogo kuliko ukucha wa mtoto, anaitumbukiza kwenye kichupa cha spiriti, kisha anamrudisha samaki majini, mzima na kisirani tele.

"Yaani wifi," dada wa mumewe humwambia, "umesoma mpaka macho yakaharibika ili uwe kinyozi wa samaki?"

"Na wala hawashukuru."

Chumba chake cha kazi kimebanana na choo cha idara. Jokofu lake limebandikwa onyo: SI LA SODA. Vichupa vya humo ndivyo vilivyomwonyesha kwamba samaki wa juu ya maporomoko ya kijito hicho, wadogo, weusi, wenye sura ya kununa, hawajachanganya damu na wa chini tangu enzi asizozikumbuka mtu. Kwingine hawapo. Akawaandikia wakubwa: ni wachache, walindwe.

Wakubwa wakasoma neno moja tu. Wachache? Waongezwe!

Siku ya sherehe akafika kijitoni na viatu vya kubana. Akakuta turubai, viti vilivyovishwa vitambaa kama maharusi, na mapipa ya bluu yamelala ubavu, matupu. Yananuka bwawa la serikali, linalofuga samaki wanene, walafi, walio tayari kuoana na yeyote apitaye.

"Mmewamwaga wapi?" akamuuliza dereva wa lori.

"Juu kabisa ya maporomoko, mama. Bosi alisema tusikuangushe."

"Lini?"

"Juzi. Tumekubakishia ndoo moja ya kupigia picha."

Akavua viatu. Akapanda mawe ya kando ya maporomoko, akaingia majini na gauni lake la sherehe, akachota kwa wavu. Akateremka na jitu nene la bwawani, mkia mdogo mweusi ukining'inia mdomoni mwake kama sigara.

Mkurugenzi, bosi mwenyewe, akamkimbilia, tai ikimpepea begani. "Mama yetu! Mbona umelowa?"

"Mmeniulia samaki wangu."

"Tumekuulia? Tumekuongezea! Samaki ni samaki, mama."

"Basi na mtoto ni mtoto. Lete wako, nikupe wawili wa jirani."

Dereva akacheka, akaona macho ya bosi, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

Nchi hii bwana! Itakusomesha, itakuvisha joho, itakupigia makofi mpaka viganja viwake moto. Kusoma ulichoandika ndiko isikoweza. Kazi ya maisha yake imo tumboni mwa samaki wa serikali, na bendi bado inajaribu tarumbeta.

Mkurugenzi akashika kipaza sauti, akakohoa kwa uzito wa cheo. "Ndugu wananchi! Kuanzia leo, kijito hiki kitaitwa kwa jina la mama yetu!"

Makofi. Vigelegele. Akampelekea kipaza sauti mdomoni, pale aliposimama akichuruzika maji, wavu mkononi.

"Kiiteni bwawa."