Siku Jiwe la Baba Lilipokatwa Upya

Nikinusa nta inayoyeyuka, hata ya mshumaa tu stima ikipotea, narudi Rongo, kwenye duka dogo la Mzee Salim sonara, nikiwa na miaka tisa.

Mama alikuwa na pete moja tu, ya jiwe jekundu lililokoza kama maji ya zambarau. Jiwe hilo Baba alilileta kutoka Taita, alikokuwa akichimba vito, na mwaka uliofuata akafariki. Mama aliivaa pete siku za kanisa tu. Jumamosi moja niliichukua kabatini bila kuuliza, nikaitia kwenye kidole gumba, maana vingine vyote ilivipwaya, nikaenda kisimani kuwaringia wenzangu. Nikapiga pampu kwa madaha kama bibi harusi. Mkono ukateleza, jiwe likagonga mpini wa chuma. Kipande kidogo kama punje ya wimbi kikaruka.

Sikuchapwa. Nilipomwonyesha, Mama aliirudisha kabatini, na kesho yake akaivaa hivyo hivyo. Afadhali angenichapa! Kila alipoinua kitabu cha nyimbo, niliona lile pengo. Chakula kikanishinda. Siku ya nne akaniambia nivae viatu, tunaenda Rongo.

Mzee Salim aliligeuza jiwe chini ya taa.

"Mama Akinyi, naweza kulikata upya, lakini litapungua. Tena ndani kuna ufa mwembamba. Likishika joto, linaweza kupasuka kabisa."

"Na tukiliacha?"

"Litakaa tu. Utalivaa mpaka uzeeke."

Mama alinitazama.

"Kata, Mzee."

Mzee akaling'oa kwenye pete, akalibandika kwenye kijiti kwa nta ya moto, akaliinamisha juu ya sahani ya chuma iliyozunguka huku maji yakidondoka. Ilisikika kama mtu anayetafuna mchanga. Nilishika rinda la Mama kwa mikono miwili. Mara Mzee akazima mashine, kimya. Nikajua limepasuka. Kumbe alikuwa akitafuta miwani, nayo iko kichwani mwake.

Akabadilisha sahani, akapaka unga laini wa kung'arishia, akaendelea taratibu. Mwishowe akalifuta jiwe kwa kitambaa. Lilikuwa dogo kuliko awali, lakini wekundu uliokuwa umejificha ndani ulikuwa umepanda juu, unawaka.

"Nyathina, mwanangu, njoo uone," Mama akasema.

Nililia, nikacheka, kisha nikasema nina njaa. Nilikula mandazi manne pale pale barabarani.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba Mama alienda Rongo kutengeneza pete. Sasa nina watoto, na najua hakuwa na shida na pete. Alikuwa tayari kuivaa na pengo lake maisha yake yote. Kile kitu cha mwisho alichoachiwa na mumewe alikiweka kwenye chuma kile, akijua kinaweza kupasuka, ili mimi nipate kula tena.