Kibuyu cha Kusukia Maziwa

Mvua ikikaribia, zeze la baba nililolitundika sebuleni hunuka samli. Hapo narudi uani kwetu Didia, nimekibana kibuyu kwa magoti, baba akikikata kwa msumeno. Mama alikuwa akisukia maziwa humo; alipewa na bibi alipoolewa.

"Hiki kimeshiba mafuta, kitalia vizuri," baba alisema.

Mama aliporudi kutoka kisimani, ngozi ya mbuzi ilikuwa imeshawambwa.

"Baba watoto, hata kuniomba?"

Baba akakaza uzi wa waya wa breki. "Sikiliza kwanza."

Mama akanigeukia. "Na wewe ukamshikia?"

Akamimina maziwa kwenye dumu la plastiki, akaanza kulitikisa.

Siku hizi wageni wakiliona zeze ukutani, husifia mikono ya baba. Mimi hukaa magoti nimeyabana.