Mzee wa Concorde na Mdomo Wangu

Jamani, Kiswahili kimeniumbua leo hapa London!

Nimempeleka binti yangu makumbusho kuiona Concorde, ndege iliyokuwa ikienda kasi kuliko sauti. Zote zimestaafu, hii imehifadhiwa. Mzee wa Kihindi anaipangusa huku anatuelezea kwa Kiingereza, hamalizi. Nami nimetoka zamu, miguu inawaka.

Nikamwambia mtoto, tena kwa sauti: “Huyu babu naye si astaafu tu kama ndege yake!”

Mzee akageuka.

“Nilishastaafu, mama. Siku moja na hii ndege. Nilikuwa fundi wake. Kwetu Tanga.”

Nilitamani ardhi inimeze.

Binti yangu, ambaye kila siku namgombeza kwa kunijibu Kiingereza, akanivuta gauni: “Mama, hujamwamkia.”

Shikamoo ilitoka kwa shida.

“Marahaba,” akaitikia, akarudi kupangusa ndege yake.

Haya, nisemeni.