Goti Mbele ya Kamera

Dada yangu alipiga simu kusema kwamba darasa lao la chuo kikuu huko Dar limechaguliwa kujaribu kuongea kwa video na chuo kilichopakana na shule yetu hapa Singida. Mama hakuuliza video gani. Aliuliza, "Uso nitauona?" Dada akamjibu ataona mpaka chunusi. Basi mama akafunga safari kutoka Iguguno na kitenge kipya, alizeti akawaachia ndege.

Tangu aende chuo, likizo zote dada alikuwa anapelekwa mafunzo ya vitendo hukohuko. Mimi nilikuwa namkumbuka kwa mambo ya kijinga, kama alivyokuwa anamaliza ukoko wa ugali halafu anamsingizia paka. Hatukuwahi kuwa na paka.

Wanachuo wa hapa walikuwa kwenye mitihani, kwa hiyo kidato chetu kikaazimwa kujaza viti. Mtaalamu aliyekuja na mitambo akatueleza kwamba sasa vyuo vimeunganishwa kwa mkongo, ile waya ya intaneti inayofukiwa ardhini, na leo wanataka kuona kama picha itabaki safi mtu akitembea, au itakatikakatika. Akaomba mtu wa kuchezacheza mbele ya kamera. Darasa zima likanigeukia mimi.

"Nenda," mwalimu wa zamu akasema. "Leo ujinga wako umepata ajira."

Nikamwigiza kuku wa Singida aliyeliona gari la wanunuzi. Kwenye skrini, pana kuliko mlango, watu wa Dar wakacheka kwa kuchelewa kidogo, kama vile kuna mtu anawatafsiria. Safu ya mbele nikamwona dada. Amekonda. Amesuka mtindo nisioujua, mkono uko mdomoni kuficha mwanya. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba niliona hereni zake hazifanani. Nikasahau kuwa mimi ni kuku, nikasimama tu.

"Tembea, dogo, usigande," mtaalamu akasema. "Nisije nikadhani picha imekwama, kumbe ni wewe."

Mama alikuwa nje kwenye benchi, anaona haya kuingia kwa wasomi. Nikamfuata, nikamshika mkono. Akaingia anatazama sakafu asije akakanyaga waya. Kabla hajainua macho, dada alikuwa ameshamwona, akafanya alichofundishwa tangu mdogo. Kwetu binti hamsalimii mama yake akiwa amesimama. Akapiga goti.

Kamera yao ilikuwa imelengwa kuanzia mabega ya watu waliokaa vitini. Dada akapotea. Ukabaki mgongo wa kiti na ukuta wa kijani.

"Shikamoo mama," ukuta ukasema.

"Marahaba, mwanangu." Mama akahamia Kinyiramba, akaanza salamu zenyewe: afya, usingizi, chakula, masomo, wenzake wa bwenini. Dada akawa anajibu kutoka chini, moja baada ya nyingine, sauti safi kama yuko kwenye miguu yetu. Nikainama kuchungulia chini ya meza. Wenzangu wakacheka, ila mimi nusu nilikuwa namtafuta kweli.

"Mama, mwambie ainuke."

"Salamu haikatwi katikati."

Na dada, kwa adabu hiyohiyo, hawezi kuinuka kabla mama hajamaliza. Mtaalamu akawaomba wenzake washushe kamera. Wakajibu imefungwa ukutani kwa skrubu. Mama alikuwa amefika kwenye habari za mbuzi, huku anakikodolea macho kile kiti, wakati chuo kingine kilichokuwa kinasubiri zamu kilipounganishwa. Skrini ikawa buluu.

"Sauti imekuja vizuri sana, mama," mtaalamu akasema.

"Imekuja. Na uso?"

Mtaalamu akaanza kukunja nyaya zake.

Stendi, tukisubiri basi la Iguguno, mama akanigeukia. Akauliza, "Wewe ulimwona. Amekonda?"

"Amenenepa, mama. Ana mashavu kama ya mwalimu mkuu."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akaniambia niyaeleze tena hayo mashavu. Nikayaeleza tena, nikayaongeza.

Jumapili dada akapiga simu.

"Mama alivaa nini?" akauliza.

"Si ulimwona?"

"Nilimwona anaingia, kichwa chini. Halafu nikapiga goti, na mimi macho chini. Niliyemwona vizuri ni wewe, kuku mzima." Akashusha sauti. "Hebu niambie ukweli. Amezeeka?"

Nikamwambia kitenge kilikuwa cha njano, kina maua makubwa.