Kuni na Chumvi kwa Baba Mtawa

Nilipoanza kufundisha kisomo cha watu wazima pale Katandala, mtaa wa mji wetu wa Ufipa, mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu. Kila alasiri alitembea kutoka Izia, vidole bado vina udongo wa shamba la ulezi, akajipenyeza kwenye dawati la watoto wa darasa la kwanza na kuniita "Mwalimu" bila hata kutabasamu. Nyumbani alinituma maji kama kawaida.

Siku moja mlangoni akasimama mzee wa Kihindi aliyevaa shuka la rangi ya chungwa, na juu yake blanketi la kijivu kwa sababu ya upepo wetu ule wa Juni. Sote tulimjua kwa sura. Alikuwa mkuu wa watawa wachache walioishi kwenye nyumba ya bati nyuma ya maduka ya Wahindi wenzao. Hawakuoa, hawakula nyama, na alfajiri kengele yao ndogo ilitangulia ile ya kanisani kwetu. Akaunganisha viganja mbele ya kifua.

"Mwalimu, mimi nataka soma," akasema.

Nilidhani anatania. Mtu aliyesoma vitabu vya dini yake kwa maandishi ya kwao, akae na akina mama wa Kifipa kuimba a, e, i, o, u? Akanieleza kwa Kiswahili chake cha dukani kwamba amekaa nchini miaka mingi na bado hawezi kusoma bango la hospitali. Aliona aibu. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa kando ya mama. Mama akasogea.

Tulipokuwa tukirudi Izia jioni ile, mama alinihoji.

"Ana mke?"

"Hana, mama."

"Pombe je?"

"Hanywi. Wala nyama hali."

Mama akatafakari hatua kadhaa. "Basi huyu kawazidi mapadri wetu," akasema, na tangu siku hiyo akamwita Baba Mtawa. Mji wote ukafuata.

Wale wawili waligeuka marafiki wa dawati moja. Yeye alikuwa na mwandiko mzuri mno, herufi zake kama zimefumwa, na alimwonyesha mama namna ya kushika penseli bila kuibana kama mpini wa jembe. Mama naye alimsahihisha Kiswahili. Mzee aliposimama kusoma sentensi yake ya kwanza ubaoni, "Ng'ombe yangu yanapenda mvua," mama alimkatiza kabla yangu: "Wangu, Baba! Wanapenda! Ng'ombe ana roho." Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hilo ndilo somo la kwanza la dini yake, na amelikuta kwenye sarufi ya Waswahili.

Ng'ombe hao walikuwa maisha yake. Watawa waliwafuga nyuma ya nyumba, na kila asubuhi akina mama wenye watoto waliodhoofika, hasa wale waliotoka kuugua surua, walipanga foleni na vibuyu na makopo kupewa maziwa. Alitusimulia darasani kwamba mmoja wa watawa wake vijana alilalamika kuwa vilio vya watoto vinavuruga maombi ya asubuhi.

"Wewe ukamjibuje?" mama akauliza.

"Nilimwambia, watoto hawawezi kusubiri. Basi sisi tuamke mapema zaidi."

Ndivyo alivyowaongoza. Sikuwahi kusikia akimpandishia mtu sauti, lakini vijana wake walipopita mbele yake waliinama na kumgusa miguu, na alipowaagiza jambo walikwenda bila kuuliza mara mbili.

Kisha nyumba na mashamba makubwa yakaanza kutaifishwa, na biashara ikawa ngumu. Familia za Wahindi zikafunga maduka, moja baada ya nyingine. Wengine walikwenda Dar es Salaam, wengine nje kabisa. Watawa vijana wakaitwa kwingine kuwahudumia watu wao waliohama. Sote tulijua kwamba Baba Mtawa naye ataondoka, na mama hakuja darasani siku mbili kwa sababu hakutaka kuagwa.

Alipokuja, alimkuta mzee palepale kwenye dawati.

"Hukwenda?" mama akamuuliza. Sauti yake ilikuwa kali kama ya mtu aliyekosewa.

"Kwenda wapi? Mtihani bado."

Baada ya darasa nilimuuliza mwenyewe kwa utaratibu. Mkuu wa watawa asiye na watawa, na waumini wake wamehama, anabaki afanye nini? Akafunga blanketi lake vizuri. "Mwalimu, niliapa kuwatumikia watu. Sikuandika kabila."

Alifaulu mtihani wa kisomo. Mama pia. Walipewa vyeti na katibu wa chama aliyemwita "Ndugu", na mzee alilishika jina lile kwa furaha ya ajabu, akimwambia kila mtu sokoni kwamba sasa yeye ni ndugu kamili.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akikamua mwenyewe. Kipupwe kimoja akashikwa na kikohozi kilichogoma kuisha. Mama alimpelekea uji wa ulezi kila siku. Asubuhi moja alimkuta ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, macho yamefumbwa. Ng'ombe walikuwa wanalia kwa kutokamuliwa. Mama aliniambia baadaye kwamba alikamua kwanza, akawagawia wenye watoto, ndipo akaja kuniita. "Angenigombeza nikianza na yeye," akasema, kisha akalia.

Tulikwenda posta kumpigia simu mwenye duka mmoja wa Kihindi aliyehamia Mbeya. Akajibu kwamba anakuja, tumsubiri. Wakati huo balozi wa nyumba kumi alishatangaza alichokijua kila mtu: Wahindi huchoma maiti zao. Kwa hiyo zinahitajika kuni, tena nyingi.

Kwetu Ufipa kuni ni taabu. Uwanda wetu ni majani na upepo, na mwanamke huondoka alfajiri kutafuta mzigo mmoja. Lakini walikuja. Akina mama wa darasani, wanawake wa foleni ya maziwa, watu wa Izia ambao sikuwajua, kila mmoja na tita lake kichwani. Mama alileta kuni zote alizoweka kwa ajili ya kupikia kimpumu, pombe yetu ya ulezi, tena akiwa na oda ya harusi. Lundo likapita urefu wangu.

Yule mwenye duka alifika na lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa hapa mjini, mwenyewe akiliendesha. Alipoona lundo, alisimama akashika kichwa.

"Jamani," akasema, na machozi yakamtoka. "Mtawa wa namna yake hachomwi. Siku alipoacha dunia na kuvaa rangi ile, alihesabiwa kuwa amekwisha pita motoni. Anazikwa ameketi, na kaburi linajazwa chumvi."

Watu wakatazamana. Chumvi! Mwaka ule duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu. Tulikuwa tunaazimana chumvi kwa kijiko. Mwenye lori ndiye aliyetangulia kujitolea. "Nina gunia moja la kutoka Ivuna. Mwanangu alinyweshwa maziwa hapa alipougua. Lichukueni." Gunia halikutosha. Wanawake wakarudi majumbani, wakaja na chumvi ndani ya vitambaa, kwenye vikombe, mmoja kwenye ganda la kibuyu. Najua nyumba nyingi mjini zilikula mboga chapwa wiki ile.

Tukamzika nyuma ya nyumba yake, ameketi. Mwenye duka alisoma maombi ya kwao, na akina mama wakaimba wimbo wa kanisani kwa kuwa ndio waliokuwa nao. Zile kuni zikapikia ugali na maharage, watu wote wakala, Wakristo, Waislamu na yule Mhindi mmoja.

Mwenye duka aliniachia funguo za nyumba, ikawa darasa la chekechea. Mama akachukua ng'ombe pamoja na wenzake wanne wa darasani, wakaendeleza foleni ya asubuhi.

Miaka mingi baadaye walifika wageni wawili wenye mashuka ya rangi ya chungwa. Mmoja alikuwa yule mtawa aliyelalamikia vilio vya watoto, sasa mwenyewe ana mvi. Alilala kifudifudi mbele ya kaburi kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza mama, kupitia kwangu, wamjengee nini mwalimu wao mahali hapa: hekalu dogo, au sanamu?

Mama hakusita. "Zizi linavuja," akasema.

Wakaezeka zizi.